Msumari wa Gereji

Swali: Daktari, mwanangu wa miaka 9 amekanyaga msumari jirani na gereji, hapa Nguvumali. Bibi yake kampaka majivu. Ndani nina spiriti, pamba na sabuni tu. Nifanyeje?

Jibu: Mama, majivu yatoke leo hii. Nawa mikono, kisha mguu ukae chini ya bomba dakika 5 hadi 10, sabuni ipite kandokando ya kidonda. Bomba halitoi? Chemsha maji, yapoe, mimina kwa kikombe. Spiriti isiingie kidondani: inaunguza nyama changa, na mtoto hatakubali umguse tena. Pamba huacha nyuzi. Nunua shashi duka la dawa, funika, badilisha kila siku au ikilowa.

Kinachonitia wasiwasi ni pepopunda. Watu hulaumu kutu, kumbe vimelea vyake hukaa kwenye udongo na kinyesi cha wanyama, na tundu jembamba lisilofikiwa na hewa ndilo vinalolipenda. Kwa hiyo mpeleke kituo cha afya leo, na kadi yake ya kliniki. Kama chanjo ya mwisho imepita miaka 5, huenda akachomwa nyingine. Mguu ukivimba, ukitoa usaha, au homa ikipanda, usingoje kukuche. Hospitali ya Bombo hawafungi usiku. Bibi msalimie.