SOMO LA MWEZI: GHALA LIMEJAA, MTOTO AMEDUMAA



Mwezi huu tunajifunza juu ya umaskini wa watoto, na jinsi Serikali ilivyojaribu kuuzuia mapema kwa kuziunganisha huduma zake. Tunaomba somo hili lisomwe polepole, na ikiwezekana lisomwe kwa sauti nyumbani, baba naye akiwapo.

1. Umaskini wa mtoto ni nini?

Tumezoea kuupima umaskini kwa fedha. Lakini mtoto hana mfuko. Yeye hupata au hukosa vitu: chakula kinachofaa, maji safi, choo, matibabu, shule, na mtu mzima wa kumlinda. Mwaka 2016 Ofisi ya Taifa ya Takwimu na UNICEF walitoa taarifa juu ya watoto wa Tanzania iliyopima mambo yote mawili. Waliona kwamba watoto 29 katika kila 100 waliishi katika kaya zilizo chini ya mstari wa umaskini wa fedha. Lakini walipohesabu mahitaji ambayo mtoto ameyakosa, watoto 74 katika kila 100 walikuwa maskini.

Basi wako watoto wengi ambao nyumbani kwao fedha si haba kupita kiasi, na bado wao wenyewe ni maskini. Hapo ndipo somo letu linapoanzia.

2. Kitendawili cha Rukwa

Tangu miaka ya 1980 mkoa wetu umehesabiwa pamoja na Iringa, Mbeya na Ruvuma kuwa mikoa minne mikubwa ya mahindi. Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula ana maghala yake hapa Sumbawanga, na mahindi yetu hulisha watu wa mbali. Hata hivyo, utafiti wa afya wa mwaka 2015-16 ulionyesha kwamba watoto 56 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano mkoani Rukwa walikuwa wamedumaa, yaani ni wafupi kuliko umri wao unavyotaka. Kwa taifa zima walikuwa 34. Utafiti wa mwaka 2022 ulikuta taifa limeshuka hadi 30, na Rukwa imeshuka hadi karibu 50. Tumesogea, lakini nusu ya watoto wetu bado.

Kudumaa si ufupi wa ukoo. Ni alama ya mwili uliokosa vya kujengea, au ulioshindwa kuvitumia kwa sababu ya kuharisha na homa za mara kwa mara. Uji wa mahindi matupu hushibisha tumbo, bali haujengi mwili wala ubongo. Mtoto huyo darasani huelewa kwa shida, na akiwa mtu mzima huenda kipato chake kikawa kidogo. Akiwa msichana, naye huweza kuzaa mtoto mwenye uzito mdogo. Hivyo umaskini hurithiwa hata katika nyumba yenye magunia.

3. Siku elfu moja

Tufanye hesabu. Mimba huchukua siku kama 270. Mwaka wa kwanza wa mtoto ni siku 365, na wa pili siku 365. Jumla ni 1,000. Katika siku hizo ubongo hukua kwa kasi ambayo hairudi tena. Mtoto akidumaa hadi kufika miaka miwili, ni vigumu sana kuyarudisha yaliyopotea, hata tukimpa vyakula vyote vya dunia baadaye. Ndiyo maana twasema kuzuia. Wazee wetu wa Ufipa walilijua jambo hili katika kilimo: waliyafukia majani katika matuta ya intumba na kuyaacha yaoze, ili udongo uwe tayari kabla ya ulezi kupandwa. Hakuna aliyengoja ulezi unyauke ndipo atafute mbolea.

4. Kwa nini ofisi moja haitoshi?

Tuchukue mfano wa mtoto wa miezi kumi na minne anayeharisha. Zahanati inampa dawa, anapona. Anarudi nyumbani kunywa maji yale yale ya kijito, anaharisha tena. Afisa lishe anamfundisha mama kuchanganya uji na karanga, lakini karanga zimekwisha kuuzwa bila mama kuulizwa. Mama anashinda shambani tangu alfajiri, na mtoto anaachwa na dada yake wa miaka saba, ambaye naye amekosa shule. Kila ofisi inaweza kusema imetimiza kazi yake, na mtoto bado anadumaa. Maji, afya, kilimo, elimu na maendeleo ya jamii vinakutana katika mwili wa mtoto mmoja.

5. Serikali imefanya nini?

Yafuatayo ni baadhi ya mambo yaliyofanyika.

(a) Mpango wa kunusuru kaya maskini kupitia TASAF, ulioanza mwaka 2012, ulifikia zaidi ya kaya milioni moja nchini. Ruzuku yake iliambatana na sharti la kumpeleka mtoto kliniki na shuleni.

(b) Mwaka 2016 ulianza mpango wa taifa wa lishe unaoziunganisha wizara mbalimbali, nao ukafuatwa na wa pili kwa miaka 2021/22 hadi 2025/26. Kila halmashauri iliagizwa kutenga shilingi 1,000 kutoka mapato yake kwa kila mtoto aliye chini ya miaka mitano.

(c) Disemba 2017 wakuu wa mikoa walitia sahihi mkataba wa usimamizi wa lishe, na mwaka 2022 mkataba mpya ulitiwa sahihi mbele ya Rais Samia Suluhu Hassan. Mkataba huo hushuka kwa mkuu wa wilaya, kwa mtendaji wa kata, hadi kwa mtendaji wa kijiji.

(d) Disemba 2021 ilizinduliwa Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto. Inataka mambo matano yaende pamoja: afya, lishe, malezi ya upendo na mwitikio, kujifunza mapema, na ulinzi.

(e) Kijijini huwekwa Siku ya Afya na Lishe kila robo mwaka. Watoto hupimwa, na wazazi hufundishwa mapishi.

6. Funzo la Iringa

Jambo hili si geni nchini. Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, na ya Chakula ni Uhai ya mwaka 1975, ziliwakusanya watu vijijini kusikiliza redio na kujadiliana. Kisha mwaka 1983 ulianza mpango wa lishe mkoani Iringa katika vijiji 168. Watoto walipimwa uzito, na matokeo yakapelekwa kwa serikali ya kijiji, nayo ikauliza: kwa nini huyu amepungua, na sisi wenyewe tufanye nini? Katika muda wa kama miaka mitano, watoto wenye utapiamlo mkali walipungua kutoka zaidi ya 6 katika kila 100 hadi chini ya 2.

Lakini tusome ukurasa wote. Mwaka 2022 Iringa ndiyo iliyoongoza nchini kwa udumavu. Ushindi wa kizazi kimoja haukukilinda kizazi kilichofuata. Kila mtoto anayezaliwa huanza siku zake elfu upya, na kazi huanza naye.

7. Wajibu wetu

Mkataba unaweza kutiwa sahihi Dodoma, lakini mtoto hupimwa kijijini. Siku ya Afya na Lishe ikifika na akina baba wasionekane, mnyororo umekatika katika pete ya mwisho. Tukivuna, tutenge kwanza maharage, karanga na ulezi wa mama na mtoto, ndipo tuuze. Dagaa wa Tanganyika wanafika sokoni kwetu, na hata kiasi kidogo kikisagwa katika uji kinafaa. Mjamzito apunguziwe mzigo wa jembe. Na katika mkutano wa kijiji hatuna budi kuuliza kwa adabu: zile shilingi 1,000 zimefanya nini kwa watoto wetu?

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Ni watoto wangapi wa jirani zetu walio ndani ya siku elfu moja sasa? Nani anawajua kwa majina?
2. Nyumbani kwetu, nani anaamua mazao gani yauzwe na yapi yabaki?
3. Taarifa ya lishe ilisomwa lini katika mkutano wa kijiji au mtaa wetu? Kama haijasomwa, nani ataiomba?