SOMO LA BIOLOJIA: SAKAFU YA UBONGO



Sehemu ya juu ya kichwa, ile tunabebea mizigo, kila mutu anaijua. Lakini sakafu yenye ubongo unakaa juu yake, wengi hawaijui. Sisi wa mwaka wa sita tumeona vizuri kuieleza kwa ufupi.

Mifupa ya sakafu ni sita: furontali 1, etimoidi 1, sifenoidi 1, temporali 2, okisipitali 1. Parietali 2 ni za kuta na paa. Ukiongeza hizo, sanduku la ubongo lina mifupa 8.

Sakafu iko na ngazi tatu, kama nyumba ya kwenye mutelemko.

1. Ngazi ya mbele iko juu. Furontali inafunika macho. Katikati kuko etimoidi, yenye matundu madogo kama chujio. Mishipa ya harufu inapita mule.

2. Ngazi ya katikati: sifenoidi, mufano wa popo aliyefungua mabawa. Juu yake kuko kikalio kidogo kama tandiko la farasi, na tezi ya pituitari inakaa pale. Pembeni ni temporali. Sehemu yao ngumu kama jiwe inaficha sikio la ndani.

3. Ngazi ya nyuma iko chini kabisa: okisipitali, na tundu lake kubwa. Humo ubongo unaungana na kamba ya fahamu inayoshuka mugongoni. Chini yake vifundo viwili vinakaa juu ya atlasi, mufupa wa kwanza wa shingo. Pale njo tunaitikia «ndiyo» kwa kichwa.

Sasa tusikilizane vizuri. Sakafu yenye matundu mengi inaweza kupasuka. Mwenzetu akianguka toka juu ya muembe ao kwenye kinga, kisha maji meupe yatiririke puani ao sikioni, musiseme ni mafua. Yanaweza kuwa maji yanayozunguka ubongo. Weusi kuzunguka macho, ao nyuma ya sikio, ni alama pia, na pengine unaonekana kesho yake.

Musizibe sikio wala pua. Asipenge kamasi. Musimuinue wala kugeuza shingo yake. Muite wakubwa mara moja, apelekwe hospitali, hata akisema «niko muzima».

Maswali: Mufupa gani unagusa harufu? Gani unalinda sikio? Sababu gani hatuzibi sikio linalotoa maji?

Mwenye kuchora sakafu hii bila kufungua daftari, ameshika somo.