Kona ya Dada: Gari la Drifti kwa Bajeti Ndogo

Barua za mapenzi na za kodi ya nyumba zitasubiri kidogo. Leo nimeiweka mbele hii ya magari, kwa sababu najua aliyeiandika si yeye peke yake mwenye swali hili huku Eastlands.

*“Dada, mimi ni kijana wa Komarock. Nimeajiriwa, sina familia bado, na nimeweka akiba. Nataka ninunue gari dogo la kisporti nilifanye la drifti bila kumaliza pesa zote. Marafiki wananiambia nianze na tabo na ekzosi kubwa. Mama anasema nimepagawa. Nianzie wapi?”*

Mdogo wangu, mama mpe pole kwa wasiwasi, kisha umwambie hujapagawa. Kupenda gari si ugonjwa. Wanaokupotosha ni hao marafiki. Tabo na ekzosi ni vya mwisho kwenye orodha, na huenda usivihitaji kabisa. Gari la drifti la pesa kidogo hutokana na kujua shilingi ya kwanza iende wapi, ya pili iende wapi, na gari lenyewe ukalichezee wapi. Sogea karibu tupange.

Tazama ni magurudumu gani yanayosukuma

Kupiga drifti ni kuiachia nyuma ya gari iteleze kwa makusudi kwenye kona, huku wewe umeelekeza magurudumu ya mbele upande ule ule inakotelezea, na mguu haujaachia mafuta. Kazi hiyo inataka nguvu ya injini iende nyuma. Kwa hiyo Vitz, Demio na Fit ziache zibebe watu kazini. Civic na Integra zina sura ya mbio, lakini zinavuta kwa mbele. Hata Celica isikudanganye: tangu kizazi cha mwaka 1985 mvuto wake ulihamia mbele.

Najua unafikiria Subaru, maana mtaani kwetu hiyo ndiyo gari inayogeuza shingo. Subaru nyingi husukuma magurudumu yote manne. Kwenye murram zitateleza ukafurahi, lakini kwenye lami utapambana na gari linalokazana kunyooka, na bili ya vipuri itakufuata nyumbani.

Zinazobaki ni hizi: Toyota Altezza, Mark II, Mark X, BMW za E36 na E46, na ile Toyota DX ya zamani ukiipata ambayo kutu haijaimaliza. Mazda MX-5 na Nissan Silvia ni magari matamu kwa mchezo huu, ila hapa kwetu ni machache, na ya zamani huwezi kuagiza Japani. Sheria ya KEBS, shirika la viwango nchini, haipokei gari lililozidi miaka 8 tangu liliposajiliwa mara ya kwanza. Toyota 86 changa bado inaweza kuingia, lakini jumlisha ushuru uone kama hapo bado tunazungumzia bajeti ndogo.

Ukiniuliza mimi, tafuta Altezza ya gea za mkono. Ilitengenezwa kuanzia 1998 hadi 2005, vipuri vyake mafundi wanavijua, na umbo lake ni dogo. Ilikuja na injini mbili, zote za lita 2. Wengi hukimbilia ile ya silinda sita wakidhani ndiyo kali, kumbe yenye nguvu zaidi ni ya silinda nne. Mark X ni rahisi kuipata, lakini nyingi ni otomatiki. Kuibadili kuwa ya gea za mkono ni kununua gea, klachi, pedali na kutengeneza waya upya. Hapo bajeti imeshakufa kabla gari halijateleza hata mara moja.

Nguvu za farasi si dawa

Mjapani Keiichi Tsuchiya, anayeitwa mfalme wa drifti, alijulikana dunia nzima kwa Corolla AE86, gari la miaka ya 1980 lenye injini ya lita 1.6 na nguvu za farasi 130 hivi. Lilikuwa jepesi, chini ya tani moja, na dereva alikuwa amelijua barabara.

Kwetu pia mifano ipo. Safari Rally ya 1965 ilichukuliwa na Joginder Singh, fundi wa magari wa hapa hapa Kenya, akiwa na nduguye Jaswant. Volvo yao ya PV544 haikuwa mpya, ilikuwa imeshakimbia Safari ya mwaka uliotangulia. Mwaka 1993 Patrick Njiru alimaliza Safari na kushinda daraja lake kwa Subaru Vivio, kigari cha cc 660. Colin McRae, ambaye baadaye alikuwa bingwa wa dunia, alianza mbio hizo na Vivio kama hiyo na hakufika mwisho.

Marafiki watakuambia Nairobi iko juu, karibu mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, injini isiyo na tabo inakosa pumzi. Ni kweli. Injini ya namna hiyo hupoteza karibu asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000. Lakini dawa ya bure ni kupunguza uzito. Ng'oa viti vya nyuma, zulia, na yale masipika makubwa ya kwenye buti. Tabo ikiingia kwenye injini iliyochoka, utakachonunua kinachofuata ni injini.

Igawe kila shilingi 100 hivi

Shilingi 45 zinunue gari. Shilingi 20 ziwe za kulitibu. Shilingi 10 ni za usalama wako. Shilingi 10 ni za difu, springi na usukani. Shilingi 15 zilizobaki ziweke kando kwa tairi, mafuta na ada za uwanja. Akiba yako ikiwa yote inaishia kwenye kununua gari, bado hujafika. Endelea kuweka. Na nakuomba usichukue mkopo kwa kuweka logibuku rehani. Gari la kuchezea halilipi riba.

*Kulitibu* maana yake ni redieta, mipira ya maji, mafuta ya injini, bushi, beringi, klachi na breki. Wengi huliruka hili kwa sababu halionekani kwenye picha. Lakini fikiria: gari likienda ubavu, upepo haupigi redieta sawasawa, na wakati huo huo injini inalia kwa mizunguko ya juu. Redieta iliyozibwa na kutu itakuangusha siku ya kwanza.

*Usalama* ni kiti kinachokushika mwili usiyumbe, mkanda mzima, helmeti ya kweli na kizima moto kilichofungwa kwa bolti mahali mkono wako unafika ukiwa umejifunga. Vaa nguo za pamba zinazofunika mikono na miguu, na viatu vya kufunika. Toa ndani ya gari kila kitu kinachoweza kuruka, hata chupa ya maji, maana ikibingirika chini ya pedali ya breki, helmeti yako haitasaidia.

*Difu* ndiyo roho ya mchezo wenyewe. Difu ya kawaida hupeleka nguvu kwenye tairi inayopata wepesi, kwa hiyo kwenye kona tairi moja inazunguka bure na gari halitelezi vizuri. Unataka zote mbili za nyuma zizunguke pamoja. Baadhi ya Altezza zilitoka kiwandani na difu yenye uwezo huo, kwa hiyo uliza kabla ya kununua. Njia ya maskini ni kuichomelea difu ya kawaida, na mafundi wa Kariobangi Light Industries wanaweza. Ila ujue gharama yake: kwenye kona ya polepole tairi zitalia na kurukaruka, zitaisha haraka, shafti zinaweza kukatika, na kwenye mvua nyuma itachomoka bila kukuaga. Kama hilo ndilo gari litakalokupeleka kazini, usiichomelee.

*Springi na shoki* zinahitaji kuwa ngumu kidogo na nzima. Kukata springi kwa grainda ili gari lilale chini ni urembo unaoharibu. Usukani nao unahitaji kupinda zaidi ya kawaida ili gari likitoka sana uweze kulirudisha. Hapa nisikilize vizuri. Mafundi wetu wa jua kali nawaheshimu, wametengeneza mabodi ya matatu yanayotazamwa mjini kote. Lakini sehemu yoyote ya stelingi usiikate na kuichomelea. Nunua iliyotengenezwa kwa kazi hiyo, au ubaki na ya kiwandani mpaka pesa ipatikane. Difu ikivunjika utasimama. Stelingi ikivunjika, utakaposimama si wewe utakayechagua.

*Tairi* nzuri weka mbele, maana hizo ndizo zinazokuongoza. Nyuma weka za bei nafuu, saizi moja, aina moja. Zikifika nyuzi, zitoe. Gharama hii haiishi, ndiyo maana nikakutengea zile shilingi 15.

Vipuri na karatasi

Ukienda Grogan, pale Kirinyaga Road, omba risiti kila unaponunua. Kipuri cha bei ya kushangaza huenda jana kilikuwa kwenye gari la mtu, na kupokea mali ya wizi ni kosa hata kama wewe hukuiba. Ukibadilisha injini au rangi ya gari, peleka habari NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, ili logibuku ilingane na kilicho kwenye gari. Siku ukitaka kuuza, karatasi safi zitakuletea pesa zaidi kuliko rimu za kung'aa.

Sasa, utalichezea wapi?

Hapa sitakubembeleza. Si Spine Road. Si Kangundo Road usiku. Si kwenye maegesho ya shoping senta. Watoto wa shule wanavuka barabara hizo, akina mama wanauza mboga kando yake, na ambulansi za hospitali ya Mama Lucy zinapita. Kuendesha gari kwa hatari, hata ukiwa mkosaji wa mara ya kwanza, kunaweza kukutoa faini ya hadi shilingi 100,000 au kukufunga hadi miaka 2. Ukimuua mtu, ni kesi nyingine kubwa zaidi. Na usitegemee bima, maana sera za kawaida za magari hazilipi hasara ya mashindano.

Mlango halali upo. Shirikisho la michezo ya magari nchini, KMSF, lina vilabu chini yake, na mashindano yake ya autocross huendeshwa kwenye viwanja vya udongo vilivyofungwa. Humo kuna madaraja ya magari yanayosukuma magurudumu mawili na yasiyo na tabo, hata daraja la watoto liitwalo Bambino. Nenda kwanza kama mtazamaji. Saidia kubadilisha tairi, shika spana, uliza maswali. Waulize pia ni wapi unaweza kupata siku ya uwanja ya kujifunzia drifti. Udongo una faida kwa anayeanza: gari linateleza kwa mwendo mdogo, tairi haziishi upesi, na kosa lako linakuwa vumbi tu. Anza na mduara mmoja kuzunguka koni, kisha umbo la nane, kisha kona mbili zilizofuatana. Ukiweza nane kwa utulivu bila kugusa koni, umewazidi wengi wenye tabo.

Na msiniambie vijana wa mtaani hawapewi nafasi. Afrika Kusini mchezo wa kuzungusha magari ulianzia Soweto, mitaani, kwa BMW za E30 ambazo wao huziita gusheshe. Watu walikuwa wanaukimbia. Wachezaji wakajipanga, wakatafuta viwanja na sheria za usalama, na mwaka 2014 shirikisho la michezo ya magari la huko likautambua kuwa mchezo rasmi. Kundi la Komarock, Kayole, Umoja na Njiru likijiandikisha kama klabu lina nguvu ya kwenda kuomba uwanja. Kundi linalofunga barabara saa saba za usiku lina uwezo wa kuitiwa polisi tu.

Na wasichana?

Wadogo zangu wa kike, hakuna pedali inayojua nani kaikanyaga. Orie Rogo Manduli aliendesha Safari Rally miaka ya 1970, wakati mwanamke Mwafrika kwenye usukani wa mbio lilikuwa jambo lisilowahi kuonekana. Mkitaka kuingia, ingieni na jina lenu kwenye fomu ya dereva. Wa kukaa kando akipiga picha atapatikana mwingine.

Kwa hiyo, mdogo wangu wa Komarock, huu ndio ushauri wa dadako. Nunua gari linalosukuma kwa nyuma, zima na jepesi. Litibu kabla ya kulipamba. Jilinde kabla ya kuliongezea nguvu. Kabla ya kutoa hata shilingi moja ya gari, tafuta klabu na uhudhurie shindano moja, na umchukue mama mwende naye. Akiona uwanja umefungwa, helmeti kichwani na daktari pembeni, mtaongea lugha moja. Ukikosa uvumilivu wa kufanya hilo dogo, basi usinunue gari hilo.