Ufa wa Magharibi na Nyumba za Kisugu

Wasomaji waliuliza kuhusu ardhi inayoachana. Aliyejibu ni mtaalamu wa miamba, mkazi wa Kisugu, Kampala.

Rwenzori italipuka lini?

Rwenzori si volkano.

Ziwa Victoria limo ndani ya Bonde la Ufa, sivyo?

Barua nyingi zina swali hili, na waliouliza kwa nini Mto Katonga unatiririka pande mbili wanajibiwa hapahapa. Ziwa Victoria halimo ndani ya ufa. Liko kati ya mikono yake miwili: wa magharibi, wenye maziwa Albert, Edward na Tanganyika, na wa mashariki unaopita Kenya. Kina ni dokezo mojawapo. Tanganyika lina mita 1,470 hivi. Victoria ni kama mita 80 tu. Zamani mito ya Kagera, Katonga na Kafu ilielekea magharibi. Ufa ulipopanuka, kingo zake ziliinuka polepole, mito ikazibiwa njia, maji yakarudi nyuma na kujaa kwenye beseni. Ziwa likazaliwa, takriban miaka 400,000 iliyopita. Kwenye ramani, Ziwa Kyoga bado lina matawi ya mto uliozama. Na katika mafunjo ya Katonga, maji ya upande mmoja huenda Victoria, ya upande wa pili Ziwa George. Mtoto wa Kampala hastahili kufundishwa vingine.

Mpasuko wa Mai Mahiu, Kenya, mwaka 2018: Afrika imekatika?

Hapana. Mvua kubwa ilikomba majivu laini ya volkano. Bara linaachana kweli, ila polepole: mabamba ya ardhi ya Nubia na Somalia yanaachana kwa milimita chache kwa mwaka.

Ujumbe wa simu unasema tetemeko litapiga saa tatu usiku. Tulale nje?

Ufuteni. Hakuna ajuaye saa ya tetemeko.

Kisugu iko mbali na ufa. Tuhofie nini?

Majengo. Tetemeko la Toro la 20 Machi 1966 liliua watu zaidi ya 150. Lile la Bukoba la 10 Septemba 2016, la kipimo cha 5.9, lilisikika hadi Kampala. Wengi huuawa na kuta. Hata hivyo, vyumba vya kupangisha vinaongezewa ghorofa juu ya nguzo zilizojengwa kubeba bati, nondo zikichungulia kwenye zege lenye matundu. Fundi anayedai mkanda wa zege juu ya madirisha ni kupoteza saruji asipewe kazi. Mhandisi aitwe kukagua nondo kabla zege halijamwagwa. Likishamwagwa, hazionekani tena.