Kamera na Nyati: Kutembea kwa Miguu Hifadhi ya Taifa Arusha

Hifadhi ya Taifa Arusha, iliyo jirani kabisa na jiji, inakuruhusu kushuka garini na kutembea kati ya wanyama, ukisindikizwa na askari wa hifadhi mwenye bunduki. Vijana wa hapa na wageni wa kubeba mabegi mgongoni huifuata nafasi hiyo, na ni haki yao kuifurahia. Ila mnyama aliyezoea magari hajazoea watu. Gari kwake ni kitu kikubwa kisichomhusu. Ukishuka, anaona binadamu, naye anamjua binadamu kuwa adui.

Nyati

Kutoka Lango la Momella hadi kibanda cha Miriakamba, mita 2,514 juu ya usawa wa bahari, njia ya kupanda Mlima Meru hupita mbugani na msituni kwenye nyati wengi. Kundi kubwa linatisha kulitazama, lakini mara nyingi hutimka lote pamoja. Wa kuogopwa zaidi ni dume mzee aliyejitenga, amelala kichakani au kwenye tope. Hana kundi la kumlinda, hivyo ukimshtua karibu anaweza kukurukia badala ya kukimbia.

Akiinua kichwa na kukukazia macho, picha imeisha. Shusha kamera, kaa nyuma ya askari, rudini nyuma taratibu huku mkimtazama. Usikimbie. Na usimpe mgongo ili ujipige naye picha kwa simu. Kwa kosa hili hatuna lugha laini.

Askari anaangalia upepo unakovuma, nyayo na kinyesi kibichi, mambo ambayo wewe uliye na jicho kwenye lenzi huyaoni. Kumpa pesa ili akusogeze karibu ni kuhatarisha maisha yenu wote na uhai wa nyati, kwani akishambulia atapigwa risasi.

Twiga, mbega na nyani

Twiga wa Momella ni watulivu, na utulivu huo huwadanganya watu. Teke la twiga linaweza kumuua simba. Mwenye mtoto mwache mbali.

Mbega hula majani na hukaa juu mitini. Subiri kimya, zima mwanga wa kamera, atajitokeza mwenyewe. Kima na nyani usiwape hata ganda la ndizi. Nyani akishaonja chakula cha watu huanza kupora, na mwisho wake huwa mbaya kwake kuliko kwako.

Mwanga

Kreta ya Meru imebomoka upande wa mashariki, kwa hiyo jua la asubuhi huingia moja kwa moja hadi kwenye kilima cha majivu kilichomo ndani. Mchana mawingu hufunika. Anza mapema. Droni haziruhusiwi bila kibali.

Usiku kibandani

Nyati hufika hadi karibu na Miriakamba kula nyasi. Ukitoka kwenda chooni, mulika tochi pande zote kabla ya kushuka ngazi, na kamera iache kitandani.