Mzazi wa Mtoto Mgonjwa na Mkate wa Kila Siku

Somo: Marko 9:14–29



Wako wazazi katika sharika zetu wakeshao usiku, si kwa siku mbili tatu, bali mwaka baada ya mwaka, kwa kuwa mtoto wao ana ugonjwa usioondoka. Hapa Kharumwa, na katika nchi yote ya Geita na Shinyanga, mmoja wa magonjwa hayo ni selimundu. Chembe za damu, ambazo zapasa kuwa za mviringo, hujipinda mfano wa mundu na kuziba mishipa midogo. Ndipo mtoto hulia kwa maumivu ya mifupa, macho yake huwa manjano, na damu humpungukia. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 ulipima damu ya watoto wachanga zaidi ya 17,000 katika mikoa ya kaskazini-magharibi ya Tanzania. Karibu mmoja katika kila watano alikuwa na urithi huo, na zaidi kidogo ya mmoja katika kila mia alikuwa na ugonjwa wenyewe. Basi jambo hili si la nyumba moja. Na tulitazame katika Neno la Mungu.

1. Bwana hakumtafuta mwenye hatia. Alimwuliza yule baba habari za muda wa ugonjwa, akajibiwa kwamba ulianza utotoni (fungu la 21). Hakuuliza ni nani aliyeroga, wala mama amekosa nini. Kwetu mara nyingi mama hushtakiwa, au jirani huhesabiwa mchawi. Huu ni uongo, tena ni dhambi. Selimundu hurithiwa kwa wazazi wote wawili, ingawa wenyewe ni wazima; na katika kila mimba yao, nafasi ya kuzaliwa mtoto mgonjwa ni moja katika nne. Mume amwachaye mkewe kwa sababu hii amwadhibu kwa jambo ambalo yeye naye ana sehemu yake.

2. Baba aliomba kwa ajili yao wote wawili (fungu la 22). Maana ugonjwa wa mmoja huilemea nyumba nzima. Baba yuko machimboni akitafuta fedha ya dawa, mama aacha palizi ya pamba, na watoto wengine wakaa bila mtu wa kuwaangalia. Kwa hiyo mzazi asione haya kujiombea nafsi yake.

3. Imani yake ilichanganyika na mashaka, wala hakufukuzwa (fungu la 24). Mzazi aliyechoka hata maneno ya sala yakamwishia, asidhani kwamba amekataliwa.

Lakini mtu atasema: Mwana yule aliponywa siku ile ile, wetu je? Neno hili ni zito, wala haitupasi kulijibu kwa haraka. Mtume Paulo aliomba mara tatu mwiba wake uondolewe, haukuondolewa. Alipewa neema ya kumtosha (2 Wakorintho 12:7–10). Basi mtu asiwaambie wazazi kwamba mtoto hakupona kwa sababu imani yao ni haba. Asemaye hivyo awatwika mzigo juu ya mzigo.

Wala mtu asiwaambie waache dawa kwa kuwa wameombewa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019, uliofanywa Kenya, Uganda, Kongo na Angola, ulionyesha kwamba dawa iitwayo haidroksiyurea hupunguza maumivu na vifo vya watoto hao. Hospitali ya Bugando huko Mwanza ina kliniki ya ugonjwa huu. Mtoto alale katika chandarua, anywe maji mengi, akingwe na baridi. Na homa ikimshika, apelekwe hospitali siku ile ile.

Katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529, Luther alipoeleza ombi la nne, alihesabu afya kuwa sehemu ya mkate wa kila siku. Akahesabu pia marafiki wema na majirani waaminifu. Mkate huombwa kwa siku moja. Mzazi na aombe nguvu za leo, asijilemee kwa miaka kumi ijayo. Nasi usharika tujue kwamba sisi ndio mkate huo: kumpalilia mama shamba lake, kukesha zamu moja ili alale, kutoa damu inapohitajiwa, na kuchanga nauli, maana hata baada ya daraja la Kigongo na Busisi kufunguliwa mwaka 2025, safari ya Mwanza yataka fedha.

Maswali ya kujifunza pamoja:

1. Ni maneno gani katika usharika wetu yawaumizayo wazazi wa namna hii?
2. Paulo alipata nini badala ya kuondolewa mwiba?
3. Ni nyumba ipi tutakayoizuru juma hili, na mikono yetu itafanya kazi gani huko?

Mungu awatie nguvu wote waleao wagonjwa, leo na kesho. Amina.