Wasome Wanavyogombana

Haya wadogo zangu, leo tuyaweke kando mambo ya wachumba na mawifi. Kuna mdogo wenu mmoja wa chuo ameniandikia ujumbe mrefu. Filamu za Avengers kazimaliza zote, akaona heri arudi kwenye chimbuko, akatafuta komiki yenyewe ya 1963. Kurasa chache tu, hoi. Anasema watu wanaongea kupita kiasi, rangi ni zile zile, na adui anapigwa kabla hata hujaelewa alikuwa anataka nini. Anauliza, "Dada, kuna kitu humo, au watu wanasifia tu kwa kuwa ni mambo ya kale?"

Kitu kimo, tena kikubwa. Ila hukuanzia pazuri, mdogo wangu, na najua wengi watafuata njia hiyo hiyo kwa sababu jina la Avengers ndilo linalojulikana. Toleo la kwanza la Avengers la Septemba 1963 liliwakusanya Thor, Iron Man, Hulk, Ant-Man na Wasp, watu ambao kila mmoja alishakuwa na hadithi zake kwingine. Msomaji wa wakati ule alikuwa anakutana na jamaa zake. Wewe unaingia kwenye kikao cha watu usiowajua, na toleo la pili tu Hulk keshaondoka kwa hasira. Utachoka, hiyo ni haki yako.

Anza na Fantastic Four, toleo la kwanza, Novemba 1961. Mwandishi ni Stan Lee, mchoraji ni Jack Kirby. Na ukianza, usitafute ngumi. Tafuta ugomvi. Hicho ndicho ninachotaka mkibebe leo hata mkisahau mengine yote. Komiki hizi za mwanzo za vikosi zinasomeka vizuri pale unapofuatilia jinsi watu wanne au watano wasiovumiliana wanavyolazimika kukaa nyumba moja. Waswahili tulishasema vikombe vikikaa pamoja havina budi kugongana. Hawa ni vikombe vyenye uwezo wa kubomoa ghorofa.

Hebu tazama kurasa zile za mwanzo. Moshi unaandika jina la kikosi angani. Sue Storm yuko kwa rafiki yake anakunywa chai, ghafla anatoweka machoni pake. Ben Grimm yuko dukani anatafuta nguo, kajifunika koti na kofia, na muuzaji hana saizi yake. Anapotoka, mlango haumtoshi, anaubomoa. Barabarani polisi wanamfyatulia risasi. Johnny yuko gereji anashughulikia gari, anawaka moto, gari linayeyuka. Bado hujaambiwa hawa ni nani, lakini umeshaona kwamba nguvu zao zinawaharibia siku. Hakuna sare, wala kinyago. Sare zilikuja toleo la tatu.

Halafu hadithi inarudi nyuma. Reed Richards anataka kurusha roketi yake, na Ben, ambaye ndiye rubani, anakataa: miale ya angani itatuua. Anayemlainisha ni Sue. Anamwambia Marekani isiposhika njia Wakomunisti watatangulia, kisha anamwita mwoga. Kumbukeni mwaka ni 1961, Gagarin alikuwa ameshakwenda angani mwezi Aprili, na Wamarekani walikuwa hawalali. Ben anakubali kwa sababu mwanamke anayempenda amemwita mwoga. Ndiyo, anampenda Sue, na Sue ni mchumba wa Reed. Wanakwenda, miale inawapiga, wanaanguka. Watatu wanapata nguvu wanazoweza kuziwasha na kuzizima: Reed ananyumbulika, Sue anatoweka, Johnny anawaka. Ben anageuka jiwe, na hawezi kurudi alivyokuwa hata akitaka. Kitu cha kwanza anachofanya ni kuinua mti ampige nao Reed.

Sasa niambieni, mtu huyo ana haki ya kukasirika au hana? Mimi nasema anayo, na kila toleo linalofuata nalisoma nikiwa na swali hilo mkononi. Adui wa toleo lile ni Mole Man, mtu wa chini ya ardhi, na sioni sababu ya kumpotezea usingizi. Ila Ben huwezi kumsahau.

Ukifuatilia ugomvi, mambo yanaunganika yenyewe. Mwisho wa toleo la tatu Johnny anachoka na maneno ya Ben, anaondoka zake. La nne linamkuta kwenye nyumba ya kulala wageni ya bei poa mtaa wa Bowery, New York, walikolala watu waliokwisha kukata tamaa. Hapo anaokota komiki kuukuu ya Sub-Mariner, yaani Namor, mhusika aliyebuniwa na Bill Everett mwaka 1939. Pembeni kuna mzururaji mwenye ndevu hadi kifuani, hajui yeye ni nani. Johnny anawasha ncha ya kidole na kumnyoa kwa moto, taratibu, mpaka uso unajitokeza: ni Namor mwenyewe. Anamrusha baharini ili akumbuke. Anakumbuka, anaogelea hadi kwao, anakuta majaribio ya mabomu ya nyuklia yameufuta mji wake, na anaapa kuwalipizia wanadamu. Yote hayo yameanza kwa sababu kijana mmoja alisusa nyumbani.

Toleo la tisa linanifurahisha zaidi ya mengi yenye kelele: kikosi kinafilisika. Reed aliweka fedha kwenye hisa, hisa zikaanguka, wadai wakabisha hodi. Mashujaa wanaomba lifti barabarani kwenda Hollywood kuigiza filamu. Kodi ya nyumba inawatesa kama inavyokutesa wewe.

Sasa, namna ya kusoma. Pupa iacheni. Toleo moja kwa siku linatosha, mawili kama usingizi umekataa. Mwanzoni Fantastic Four lilitoka kila baada ya miezi miwili, na mtoto yeyote angeweza kuokota toleo lolote bila kusoma lililotangulia, kwa hiyo kila mara inaelezwa upya nani ananyumbulika na nani anawaka. Ukimeza kumi kwa mkupuo, marudio hayo yatakutapisha. Ukisoma moja jioni ukalala, hayakuudhi.

Jambo la pili nalisisitiza kwa ninyi mnaosema Kiingereza chake ni kizito. Pale Marvel, waliochapisha komiki hizi, kazi ilifanyika hivi: Lee na Kirby walikubaliana mkasa kwa ufupi, mara nyingi sana kwa ufupi, Kirby akaenda kuichora hadithi nzima kurasa zote, kisha picha zikarudi kwa Lee ajaze maneno. Picha ndizo zilizotangulia. Basi nawe zitangulize. Upitie ukurasa wote kwa macho, uone nani kamgeuzia nani mgongo, mkono wa Reed umefika wapi, Ben kakaa pembe gani ya chumba. Ndipo urudi kusoma maneno. Utashangaa ni mara ngapi ulishaelewa. Na kama unasoma kwenye simu, ile njia ya kuonyeshwa kisanduku kimoja kimoja izime. Kirby aliupanga ukurasa mzima, na ukiukata vipande unapoteza nusu ya alichokuwa anasema. Kama mnaweza kununua karatasi, kuna vitabu vidogo vya Mighty Marvel Masterworks vilivyoanza kutoka mwaka 2021, vinakusanya matoleo haya kwa mpangilio na ukubwa wake unaingia kwenye mkoba.

Mjue pia kwamba ubishi wa nani alibuni nini kati ya Lee na Kirby ulikuwa mchungu na mrefu. Kirby alifariki mwaka 1994, na familia yake ilimalizana na Marvel mwaka 2014 tu. Unaposoma jina la Lee juu ya ukurasa, ukumbuke mtu aliyekaa na penseli.

Sasa wasichana, njooni hapa karibu, kwa sababu hili linaniuma. Mtamsoma Sue akitekwa, akizimia, akiambiwa akae nyuma. Jina lake ni Invisible Girl, msichana, na liliendelea hivyo hadi mwaka 1985 ndipo akaitwa mwanamke, miaka mingi baada ya kuolewa na kuzaa. Wasomaji wa wakati ule nao walilalamika kwamba hana kazi. Toleo la 11, wenyewe mashujaa wanasoma barua hizo, na Reed anamtetea kwa kutoa mfano wa mama yake Abraham Lincoln. Jibu dhaifu sana. Hamwambii mtu ana faida kwa kumtajia mama wa rais. Jibu la maana lilikuja toleo la 22, mwanzoni mwa 1964, alipopewa uwezo wa kujenga ukuta usioonekana, na tangu hapo huwezi kuniambia Sue ni pambo. Wasp kwenye Avengers anatumia muda mwingi kuwazia wanaume wazuri. Jean Grey wa X-Men ana miaka ya shule, na toleo la tatu Profesa wake, mtu mzima, anaficha moyoni kwamba anampenda. Msilipitie hilo kwa kusema "zamani ilikuwa hivyo". Lisomeni, likuudhini, halafu endeleeni kuona kina nani walirekebisha.

Mkiulizwa kuhusu Justice League, jibu langu ni fupi. Walitangulia, Februari 1960, kwenye The Brave and the Bold toleo la 28, wakipigana na Starro, kiti cha pwani kikubwa kutoka angani. Na kabla yao kulikuwa na Justice Society ya 1940, kikosi cha kwanza kabisa cha mashujaa wa aina hii. Heshima yao ipo. Lakini Gardner Fox aliwaandika kama wafanyakazi wenye adabu: wanapokea kazi, wanagawana, wanaimaliza, wanarudi mkutanoni. Ukifuta picha ukabakiza maneno, huwezi kumjua Flash ni yupi na Green Lantern ni yupi. Soma matatu upate ladha, yatosha.

Avengers rudini kwao baadaye, toleo la nne, wanapomtoa Captain America kwenye barafu, kisha mruke hadi la 16, Mei 1965. Waasisi waliobaki wanaacha kazi. Captain, mtu ambaye ndugu na rafiki zake wa vita wamebaki miaka ya nyuma, anaachiwa vijana watatu waliokuwa upande wa maadui: Hawkeye, Quicksilver na Scarlet Witch. Hakuna mwenye nguvu za Thor. Wanapingana na kila amri. Ni kikosi kizuri kuliko kile cha kwanza, nalisema bila kuogopa.

X-Men wa 1963 wanahitaji subira. Waandishi walikuwa bado wanawatafuta: Beast toleo la kwanza anaongea kihuni, la tatu tayari anaongea kama profesa. Jarida lenyewe halikuuza vya kutosha, na kuanzia 1970 hadi 1975 lilikuwa linachapisha tena hadithi za zamani. Kisha likaja Giant-Size X-Men la 1975, la Len Wein na Dave Cockrum, na hapo Profesa anakuja Kenya kumchukua Ororo, Storm. Wenzangu wa Kenya, mtakunja uso. Ukame umepiga, watu wanampigia magoti dada mwenye nywele nyeupe kama mungu wao, na nchi haina barabara wala gazeti, wakati uhuru ulikuwa umeshatimiza zaidi ya miaka kumi. Mna haki ya kukunja uso. Lakini msifunge kitabu. Toleo la 102 la mwaka 1976, Chris Claremont akiandika, linampa Ororo historia ya mtu: mama Mkenya, N'Dare, baba Mmarekani mpiga picha za habari, nyumba Cairo, na ndege iliyoiangukia nyumba hiyo wakati wa vita vya Suez mwaka 1956, mtoto akafukiwa na kifusi pamoja na wazazi waliokufa. Mpaka leo mwanamke anayeamuru radi anaogopa chumba kidogo. Hapo ndipo alipoanza kuwa mtu.

Kwa hiyo wewe uliyeniandikia, Avengers iweke kando kwanza. Leo jioni fungua Fantastic Four la kwanza, kesho la pili, uende nalo hadi la 51, Juni 1966. Njiani utakutana na Doctor Doom toleo la tano, na Alicia, mchongaji kipofu, toleo la nane. Anapomgusa Ben usoni haogopi. Ukifika la 51, mtu asiye na jina anaiba umbo la Ben ili amuue Reed. Nisikuharibie mwisho. Lisome hilo ukiwa umetulia, toleo linalofuata uje umwone Black Panther kwa mara ya kwanza, na ukimaliza niandikie: Ben alipaswa kumsamehe Reed, au la?